Daktari Aliyekula Chakula cha Ng'ombe

Ukifika Kachibora uulize daktari yuko wapi, usishangae ukielekezwa kwenye zizi. Zahanati ipo, na daktari wa watu yupo, lakini neno hilo likitajwa peke yake watu humaanisha Bethwel Kipchirchir, mpandishaji wa ng'ombe. Ni mtu wa miaka hamsini na saba, mwenye pikipiki nyekundu iliyofungwa mtungi wa mbegu za madume nyuma ya kiti, na wakati ninaouzungumzia alikuwa na tumbo lililotangulia kuingia langoni kabla yake. Nusu ya ng'ombe wa maziwa wa Cherangany, alipenda kusema, ni watoto wake. Mkewe Jerono alimkataza kusema hivyo mbele ya wageni, naye aliendelea kusema hivyo mbele ya wageni.

Kazi ya Bethwel haifanywi kwa macho. Anavaa glavu ndefu ya plastiki inayofika begani, anaingiza mkono wa kushoto nyuma ya ng'ombe, na huko ndani vidole vinatafuta shingo ya kizazi ili mkono wa kulia upate pa kupitisha mrija wa mbegu.

"Ni kama shingo ya kuku iliyopikwa," huwaambia wanafunzi wanaoletwa kwake. "Iko na pingili ngumu ngumu. Ukiishika, umefika. Usipoishika, unasumbua ng'ombe ya wenyewe bure."

Basi ni vidole hivyo hivyo vilivyoanza kumsaliti.

Ilianza Januari. Asubuhi moja alitumbukiza mikono kwenye ndoo iliyolala nje usiku kucha, maji ambayo Jerono akiyagusa hupiga yowe, naye hakusikia baridi yoyote. Alijisifu moyoni kwamba bado ni mwanamume wa chuma. Wiki iliyofuata alishika sufuria ya chai bila kitambaa, akaja kujua imemchoma alipoona lengelenge. Halafu ng'ombe wakaanza kurudi. Ng'ombe watatu aliowapandisha mwezi huo walirudi kulia wakitaka dume, mwezi uliofuata wakawa watano. Wateja walinyamaza kwa heshima, lakini heshima ya daktari wa ng'ombe huisha ng'ombe akilia mara ya pili. Bethwel alirudia kazi bila kuulizwa, akalaumu mbegu, akalaumu jua, akalaumu nyasi. Hakumwambia mtu yeyote ukweli. Mtu aliyelisha jamaa yake miaka thelathini kwa mkono wa kushoto atamwambia nani kwamba mkono huo umelala?

Jerono aligundua mwenyewe, Jumapili, baada ya kanisa. Alitoka jikoni akamkuta mumewe mezani amefumba macho, midomo imekaza, mkono wa kushoto umezama kwenye bakuli la kuku. Alidhani anaomba, akasubiri amalizie. Kisha akaona anachokifanya. Alikuwa ameshika shingo ya kuku, anaipapasa pingili moja baada ya nyingine.

"Baba Jepkorir, kuku amekukosea nini?"

Bethwel alifumbua macho. Alitaka kusema uongo, uongo ukakataa kuja.

"Siisikii," alisema. "Najua iko hapa kwa sababu nimeiona ukiweka. Lakini vidole haviniambii kitu."

Jerono aliketi. Hakulia, wala hakupiga kelele. Alimshika ule mkono wenye mchuzi, akauweka shavuni mwake. "Na hii?"

"Kidogo," alisema Bethwel, na hapo ndipo alipoogopa kweli.

Kesho yake walikuwa Kitale, katika kliniki moja ya mjini. Muuguzi Nanyama, mama mnene mcheshi anayevaa miwani kwenye paji la uso, alimtoboa kidole kupima sukari. Bethwel hakushtuka. Muuguzi alimtazama, akatazama kile kimashine, akashusha miwani machoni.

"Baba, unakunywa chai ngapi kwa siku?"

Swali lilionekana dogo, lakini hesabu yake haikuwa ndogo. Kila boma lenye ng'ombe lina birika, na hakuna boma linalomwacha daktari aondoke mdomo mkavu. Bomani kwa Chepkirui vikombe viwili na mandazi. Kwa jirani yake kimoja na mkate. Siku ya kazi nyingi alifika vikombe tisa, kila kimoja vijiko vitatu au vinne vya sukari, na jioni alimalizia kwa ugali mweupe ulioficha uso wa aliyeketi upande wa pili wa meza.

"Tisa," alijibu Jerono, maana mumewe alikuwa ameanza kwa kusema mbili.

Nanyama alisema ni sukari iliyopanda inayotia vidole ganzi, akaandika dawa. Kisha akaeleza kwamba dawa peke yake ni kuteka maji kwa ungo. Lazima atembee kwa miguu, apunguze ugali, aongeze maharagwe na mboga za managu, na asubuhi aache mandazi.

"Asubuhi kula uji ya oti. Inakaa tumboni, sukari haipandi mbio mbio."

"Oti?" Bethwel alidhani anataniwa. "Oti ile ya ng'ombe?"

"Oti ni oti, baba."

"Mama, mimi nimepanda oti ekari mbili huko Kachibora. Tunakatia ng'ombe. Sasa niketi mezani nile pamoja nao?"

"Na hao ng'ombe wako," Nanyama aliuliza taratibu, "umewahi kupata mmoja ako na ugonjwa wa sukari?"

Bethwel alifikiri kwa dhati. Miaka thelathini. Hakukumbuka hata mmoja. Jerono aligeukia dirisha ili asionekane anacheka.

Walipoinuka, Bethwel alibaki nyuma kidogo akauliza kwa sauti ya chini kama vidole vitarudi. Nanyama hakumdanganya. Alisema vya wengine hurudi, vya wengine havirudi, na mara nyingi hurudi nusu. "Lakini ukiendelea na chai tisa, hakuna kitakachorudi. Na miguu itafuata."

Ungedhani mtu aliyeambiwa hivyo atakwenda moja kwa moja dukani. Lakini wewe humjui mkulima wa Kachibora. Kwenye supamaketi Jerono alichukua pakiti ya oti, Bethwel akaigeuza huku na huku, akaona ilivyo ndogo, akairudisha kwenye rafu kwa hasira. Ati anunue kwa pakiti kitu anachokata kwa mundu! Si ghalani kuna gunia zima aliloliweka la mbegu? Mwenye ng'ombe hanunui maziwa.

Jioni hiyo hiyo alibeba debe la oti hadi kwa Kiptum, mwenye mashine ya kusaga posho.

"Daktari, hii ni ya ndama?" Kiptum aliuliza.

"Saga tu, bana."

"Lakini iko na maganda yake."

"Ng'ombe anaitoa maganda? Saga."

Kiptum akasaga. Asubuhi Bethwel alipika mwenyewe, maana Jerono alikataa kushiriki. Uji ulikuwa wa kijivu na ulikuwa umejaa vijiti. Alimeza kijiko cha kwanza, kikakwama. Alimeza cha pili ili kusukuma cha kwanza, navyo vikakwama viwili. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akatema ganda, akatema lingine, na mengine yalibaki kati ya meno hadi Jumatano. Jerono alimletea maji, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Ng'ombe ako na matumbo manne, Baba Jepkorir. Wewe Mungu alikupatia moja."

Uji uliobaki alipewa ng'ombe wa nyumbani. Aliulamba wote, akalamba na sufuria.

Kiptum naye hakufunga mdomo. Kabla ya mchana soko zima lilikuwa na habari kwamba daktari amehamia kwenye chakula cha wagonjwa wake. Akipita sokoni mtu angemuuliza, "Daktari, leo wamekuwekea na molasi?" Mwingine angelia kama fahali. Bethwel aliwajibu kwa matusi madogo madogo ya kirafiki, maana ukikasirika Kachibora umekwisha.

Siku ya pili alikuta bakuli mezani. Jerono alikuwa amerudi kwenye ile rafu ya Kitale kimyakimya wakati mumewe akigombana na mlinzi kuhusu mahali pa kuegesha pikipiki, na pakiti ilikuwa imelala sandukuni chini ya leso zake. Oti ya pakiti imeshamenywa na kubanwa, si ya kupasua koo. Aliichemsha kwa maji na maziwa kidogo, akatia chumvi ya ncha ya kidole, akakatia nusu ya ndizi mbivu, akanyunyiza njugu zilizopondwa. Hakutia sukari hata chembe.

Bethwel alionja akiwa tayari kuchukia. Akaonja tena ili apate la kulalamikia. Bakuli likaisha.

"Si mbaya," alisema. Kwa Bethwel hiyo ni sifa ya kuandikwa ukutani.

Mazoea yana taabu, lakini na kuyaacha ni kazi pia. Kwenye maboma alikataa chai, na akina mama wakadhani amesikia habari mbaya juu ya jiko lao. Chepkirui alinuna wiki mbili. Ikabidi abebe chupa yake ya chai ya rangi isiyo na sukari, akae nao, anywe nao, ili ionekane bado ni mtu wao. Boma lililo karibu alilifikia kwa miguu, mtungi begani. Mshipi ulirudi tundu moja, kisha la pili. Kila asubuhi kabla ya uji alitumbukiza mikono kwenye ile ndoo ya nje akasubiri. Februari iliisha hakusikia kitu. Machi hakusikia kitu. Kazi ngumu alianza kumpigia simu kijana wa zahanati ya mifugo amfanyie, akisingizia mgongo, na jambo hilo lilimuuma kuliko maganda yote ya oti.

Mwezi wa nne, Jumamosi asubuhi, simu ililia. Alikuwa mzee Mukhwana wa Bokoli, baba yake Mukhisa aliyemwoa Jepkorir, binti wa kwanza wa Bethwel.

"Mkwe, huyu Sofia amelia tangu alfajiri."

Sofia alikuwa ng'ombe mtamba ambaye Bethwel alimpa bintiye siku ya harusi, wa damu nzuri, ambaye mama yake alipandishwa na Bethwel mwenyewe. Alizaa mara moja, kisha akagoma.

"Madaktari wa huku wamejaribu mara mbili," Mukhwana aliendelea. "Mimi nilisema akikataa ya tatu naita mtu wa bucha. Lakini ni ng'ombe ulileta wewe. Si kuja ujaribu mwenyewe? Wewe huwezi kosa."

Bethwel aliweka simu mezani akaitazama.

"Utaenda," Jerono alisema.

"Na nikikosa?"

"Utakosa ukiwa kwa watoto wako. Afadhali huko." Akamfungia oti kwenye mkebe wa kahawa.

Alifika Bokoli alasiri, wakati mzuri kwa ng'ombe aliyeanza kulia alfajiri. Alitaka kwenda zizini moja kwa moja kabla woga haujamzidi. Lakini Nabwile, mkewe Mukhwana, alikwisha kuchinja jogoo. Katika boma la Wabukusu baba wa bibi arusi hashiki kazi na njaa ya njiani tumboni. Sofia alilia, Nabwile akamjibu kutoka jikoni, "Na wewe ngoja, mgeni akule kwanza!"

Chai ililetwa, nyeupe na tamu, harufu ya sukari ilifika kabla ya kikombe. Bethwel akasukuma kikombe pembeni, polepole.

"Mama Mukhisa, usinielewe vibaya. Niko na sukari. Asubuhi nakula uji wa oti, na chai nakunywa kavu, bila sukari." Akatoa mkebe wake kama ushahidi.

Nabwile alifungua mkebe, akanusa, akamtazama. "Ati oti. Na hii wimbi yetu ilikukosea nini? Si ungesema tu kwa simu, nisingeweka sukari!" Kilichomuudhi kilikuwa kule kufichwa, si kule kukataliwa. Alirudi na ugali wa wimbi na mtama, akakata kipande, akakilinganisha na ngumi ya mgeni, akapunguza. Akaongeza mboga mpaka sahani ikafurika. Juu yake akaweka firigisi, heshima ya mgeni mkubwa.

"Asante sana," alisema Bethwel. "Lakini naomba shingo."

Mukhwana aliacha kutafuna. Shingo huliwa na watoto. Baba wa bibi arusi kuomba shingo ni sawa na askofu kuomba kuketi karibu na mlango. Hata hivyo alipewa. Bethwel aliishika kwa mkono wa kushoto, akafumba macho, akaenda pingili kwa pingili. Jepkorir peke yake, aliyemjua baba yake, alikuwa anamtazama, na hakula tena.

Zizini Bethwel alivua shati akabaki na fulana. Nabwile alikwenda zake nyuma ya jiko bila kuambiwa, maana mama wa kijana hatazami mabega ya baba wa msichana, lakini masikio hayana mwiko na aliyaacha wazi. Mukhwana alishika kamba. Jepkorir alishika mkia.

Mkono uliingia. Bethwel alitafuta. Kulikuwa na joto, hilo alilijua kwa mkono wa juu, karibu na kiwiko. Vidoleni, ukimya. Alihesabu hadi ishirini. Jasho likamtoka usoni. Angeweza kusukuma mrija popote, amwage mbegu, atoke akisema kazi imekwisha. Nani angejua? Baada ya wiki tatu Sofia angelia, wangelaumu ng'ombe, na mtu wa bucha angekuja na kamba yake.

"Baba?" Jepkorir aliuliza.

"Vidole vimekufa ganzi, mama," alisema. Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka kirahisi. "Tangu Januari. Wote mmeniita kwa sababu siwezi kukosa. Mimi nakosa siku hizi."

Kisha kutoka nyuma ya jiko ikaja sauti ya Nabwile: "Si uende polepole, mkwe! Hakuna mtu anakufukuza. Hata giza likiingia tutaleta taa!"

Mukhwana akacheka, Jepkorir akacheka huku akifuta macho kwa bega, na Bethwel mwenyewe akacheka, mkono ukiwa ndani ya ng'ombe hadi kwapani. Huenda kilikuwa kicheko kilicholegeza bega lake. Alifumba macho. Aliacha kutafuta kwa ncha, akafunga kiganja polepole, kama anavyofanya mtu anayekamata kifaranga gizani. Na hapo, kwenye kidole gumba na cha shahada, kitu kikasema. Kilisema kwa mbali, kama kupitia soksi. Pingili. Halafu pingili nyingine.

Mrija ukapita.

"Imeshika?" Mukhwana aliuliza.

"Sijui," Bethwel alijibu, na katika miaka thelathini hakuwahi kumpa mteja jibu hilo. "Nipeni miezi mitatu. Mtu wa bucha asubiri."

Mtu wa bucha alisubiri, na Bethwel akasubiri, bakuli moja kila asubuhi. Mei jirani zake walichoka kulia kama fahali; Juni Kiptum mwenyewe alimfuata kando akamuuliza kwa siri hiyo oti inapikwaje, maana na yeye alikuwa amepimwa. Kwenye kliniki ya Kitale, Nanyama alisoma kile kimashine, akapandisha miwani kwenye paji la uso na kumpiga Bethwel begani kwa nguvu. Sofia hakulia Mei. Hakulia Juni. Lakini ng'ombe anaweza kunyamaza kwa sababu zake, na Bethwel hakuthubutu kushangilia.

Julai alirudi Bokoli, safari hii na Jerono. Nabwile alikuwa amempikia oti ili kumfurahisha. Aliipika kama anavyojua kupika, kwa mwiko na nguvu zote, hadi ikawa ugali unaosimama wenyewe. Bethwel aliimaliza yote. Kisha akavua shati, Nabwile akaenda nyuma ya jiko, Jepkorir akashika mkia.

Hakuhitaji kuhesabu. Mkono ulipita juu ya kizazi, na chini ya vidole kikateleza kitu kidogo kilichofungwa ndani ya maji, kikubwa kama panya, kikakimbia kikarudi. Alikiacha kiende. Alikisikia tena. Kidole cha mwisho, kile kidogo, kilikuwa bado kimelala na pengine hakitaamka, lakini vinne vilikuwa vinamwambia habari moja.

"Iko?" Nabwile alipaza sauti.

Bethwel aliitikia kwa kichwa, jambo ambalo Nabwile hangeweza kuliona kutoka nyuma ya jiko. Ikabidi Jerono amtazame usoni, kisha ajibu kwa niaba yake. "Iko!"

Vigelegele vikapanda nyuma ya jiko. Mukhwana akaanza kutafuta jina la ndama. Bethwel alivua glavu, akaenda kwenye karai la maji lililokaa kivulini tangu asubuhi, akatumbukiza mkono wa kushoto hadi kiwiko. Akasimama hivyo bila kunawa.

"Baba, kuna nini?" Jepkorir aliuliza.

"Maji ni baridi."

"Nikuletee ya moto?"

"Hapana, mama," alisema Bethwel, na hakuutoa mkono. "Wacha tu. Ni baridi sana."